Je, mtu anayeishi karibu na ikweta anaweza kuushuhudia mzunguko wa dunia?

#1 Mzawa wa Ujiji
Wakuu, salamu. Hivi karibuni nilipita Nanyuki, pale penye kibao cha ikweta, nikaoneshwa beseni lenye tundu chini. Upande wa kaskazini wa kibao maji yalitoka yakizunguka kuelekea upande mmoja, hatua chache kusini yakazunguka kinyume, na juu ya mstari wenyewe yakashuka bila kuzunguka, huku kijiti kilichoelea kikitulia kabisa. Nimeridhika kwamba nimeuona mzunguko wa dunia kwa macho yangu, wala hilo halinishangazi, kwa sababu sisi wa ikweta tunazungushwa kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, ilhali mtu wa London anakwenda kama kilomita 1,040 tu. Kama kuna mahali ambapo ushahidi unapaswa kuwa wazi, ni kwetu. Mwenye ushahidi unaolishinda beseni la Nanyuki aulete. Pia naomba nijibiwe hili: dunia inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo Kigoma inakuja kuilaki ndege inayotoka Dar es Salaam. Kwa nini basi ndege hiyo haifiki kwa dakika chache?

#2 Chaki na Ubao
Ndugu Mzawa, kasi na athari ni mambo mawili tofauti. Kinachopindisha vitu vinavyosafiri juu ya uso wa dunia ni athari ya Koriolisi, na sehemu yake inayofanya kazi kwa mlalo hutegemea latitudo: ni kubwa kabisa kwenye ncha za dunia na ni sifuri kwenye ikweta. Mita ishirini kutoka kwenye mstari bado ni sawa na sifuri. Hata mbali na ikweta beseni la kawaida halitoshi. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT alitumia tangi lenye kipenyo cha karibu mita 1.8, akayaacha maji yatulie saa 24, kisha akayatoa polepole kupitia tundu dogo katikati. Ilimlazimu kungoja dakika kadhaa kabla ya kuona maji yakianza kuzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Miaka michache baadaye jaribio hilo lilirudiwa Sydney, na huko maji yakazunguka kufuata mwendo wa saa. Beseni la Nanyuki humwagwa na kujazwa tena ndani ya dakika chache mbele ya watalii, kwa hiyo unachokiona hapo ni mkono wa anayemimina, si dunia.

#3 Nyumba ya Taa
Mzawa wa Ujiji alilipia maji, sasa anaambiwa alitazama mikono. Poleni sana.

#4 Mwana wa Laikipia
Nimekulia upande huo, na ningependa kueleza kazi inavyofanyika bila kuwavunjia heshima vijana wanaojitafutia riziki. Maji yakimiminwa kutoka upande wa kulia wa beseni hupata mzunguko mdogo usioonekana kwa macho, na yakimiminwa kutoka kushoto hupata mzunguko wa kinyume. Tundu linapozibuliwa, maji hukimbilia katikati na mzunguko ule mdogo huongezeka kasi. Juu ya mstari humiminwa katikati, tena taratibu. Hata hivyo nimemsikia mmoja wao akisema kwamba siri iko kwenye jinsi unavyogeuka na beseni mkononi, na mwingine akaapa kwamba hafanyi lolote. Onyesho kama hilo hufanyika pia Kayabwe, Uganda, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka.

#5 Rubani wa Karatasi
Kuhusu ndege: kabla haijaruka, ndege iliyosimama uwanjani Dar es Salaam tayari inakwenda mashariki kwa kasi ya dunia, na hewa inayoizunguka inakwenda vivyo hivyo. Ukiwa ndani ya treni ya SGR inayokwenda Dodoma kwa kilomita 160 kwa saa, ukarusha sarafu juu, sarafu hairudi kuangukia behewa la nyuma. Kinachobadilisha muda wa safari ni upepo. Safari ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York, iliyoanza Oktoba 2018, ilipangiwa kama saa 15 kwenda na saa 14 kurudi, kwa sababu huko kaskazini upepo mkali wa anga za juu huvuma kutoka magharibi.

#6 Mzawa wa Ujiji
Ahsante, Rubani, lakini umehamisha swali tu. Huo upepo wa anga za juu unavuma kutoka magharibi kwa amri ya nani?

#7 Chaki na Ubao
Hapo umeuliza swali lenye uzito kuliko la beseni. Hewa yenye joto hupanda maeneo ya ikweta na kuelekea kwenye ncha. Inaondoka ikiwa na kasi kubwa ya kwenda mashariki, na kadiri inavyokaribia latitudo za juu inakuta ardhi iliyo chini yake inakwenda polepole zaidi, kwa hiyo inaitangulia. Aliye ardhini huona upepo unaotoka magharibi. Tofauti ya joto kati ya ikweta na ncha huuimarisha upepo huo zaidi. Kwa maana hiyo mzunguko wa dunia unaingia katika muda wa safari za ndege, ila kwa mlango wa nyuma.

#8 Kusi la Pemba
Naona watu wanakimbilia New York wakati ushahidi unapita mlangoni kwetu kila mwaka. Kusi likianza, kuanzia Aprili hivi, kwetu Pemba huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki. Likivuka ikweta hupinda kulia, na mabaharia wa jahazi waliokuwa wakielekea Oman na Bara Hindi walilikuta huko likivuma kutoka kusini-magharibi. Kaskazi hufanya kinyume chake. Kuanzia Desemba huja kutoka kaskazini-mashariki, na likishavuka ikweta hupinda kushoto, hata kwenye bahari iliyo kaskazini ya Bukini (Madagaska) huvuma kutoka kaskazini-magharibi. Kaskazini mwa ikweta upepo hupinda kulia, kusini hupinda kushoto, na safari nzima za wazee wetu zilisimama juu ya mpindo huo. Hata mkondo wa bahari unaopita pwani ya Somalia hugeuza mwelekeo wake kufuata msimu.

#9 Mchora Ramani
Kusi la Pemba, nakuunga mkono nusu. Dunia kujizungusha hakuanzishi kusi wala kaskazi. Kinachozianzisha ni tofauti ya joto kati ya bara la Asia na bahari, na tofauti hiyo hubadilika kwa sababu mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23.4 wakati dunia inapolizunguka jua. Kujizungusha kunaupindisha tu upepo ambao tayari upo. Tena kuna wanaosema mpindo wa kusi karibu na pwani yetu unatokana zaidi na milima. Nyanda za juu za Kenya na Ethiopia huuzuia upepo kuingia bara, ukabanwa na kukimbia sambamba na pwani kama mkondo wa kasi. Ipi ina mchango mkubwa zaidi, mimi nasema ni milima.

#10 Kusi la Pemba
Milima hiyo ndiyo inayoupindisha upepo hadi Bombay? Hewa ikishaondoka pwani ya Somalia hakuna mlima unaoishika mkono.

#11 Korosho Moja
Naandika nikiwa Mtwara. Kama Koriolisi ni sifuri kwenye ikweta, basi vimbunga visingetufikia kamwe, lakini Hidaya ilifika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024. Nani atanifafanulia?

#12 Chaki na Ubao
Kimbunga kinahitaji hewa inayokimbilia kwenye eneo la mgandamizo mdogo ipindishwe hadi ianze kulizunguka eneo hilo badala ya kuingia moja kwa moja na kulijaza. Ndiyo maana ni nadra mno kwa vimbunga kuumbika chini ya latitudo ya nyuzi 5, ingawa Vamei, Desemba 2001, ilikaribia Singapore ikiwa kati ya nyuzi 1 na 2 tu kutoka ikweta. Mtwara iko nyuzi 10 kusini, na kipimo cha Koriolisi hapo ni takriban nusu ya kile cha Beira, mji uliopigwa na Idai Machi 2019. Unguja ni theluthi moja. Athari hupungua kidogo kidogo kadiri unavyoelekea kaskazini. Haikatiki kwenye mpaka wa nchi.

#13 Nyumba ya Taa
Kwa hiyo Koriolisi haina pasipoti.

#14 Mkarafuu Mkavu
Niongeze tu kwamba Hidaya si mgeni wa kwanza. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuvunja vyombo vya Sultani Barghash bandarini, na kwa kuwa Pemba iliponea kwa kiasi kikubwa, kilimo cha karafuu kikahamia huko. Lindi nayo ilipigwa mwaka 1952. Mimi siamini kwamba uchache wa vimbunga kwetu unaelezwa na latitudo peke yake. Tazama ramani: Bukini imelala kama ukuta, na vimbunga vingi vinavyotoka mashariki huishia juu yake au hupinda kusini kabla ya kutufikia.

#15 Mchora Ramani
Ukuta huo una mlango upande wa kaskazini. Kenneth ya Aprili 2019 ilipita hapo hapo, kaskazini ya Bukini, ikavuka Komoro na kuingia Cabo Delgado. Ningetazama pia upepo wa tabaka za juu, ambao ukitofautiana sana na wa chini hukikata kimbunga kichwa, pamoja na joto la bahari, kwa kuwa kimbunga hutaka maji ya nyuzijoto 26 au zaidi.

#16 Mizani ya Kariakoo
Mada ni ushahidi, naomba tuurudie. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya timazi, yaani saa yenye uzito unaobembea, huko Cayenne, karibu na ikweta, akakuta inachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku ikilinganishwa na Paris, ikambidi aufupishe uzi wa timazi. Mvutano wa Cayenne ulikuwa dhaifu zaidi. Mzunguko unatunyanyua kidogo, na zaidi ya hapo umeivimbisha dunia yenyewe kiunoni: nusu kipenyo cha ikweta ni kilomita 6,378, cha kwenye ncha ni 6,357. Kwa sababu hiyo kilele cha Kilimanjaro kiko mbali zaidi na kitovu cha dunia kuliko kilele cha Everest, kwa zaidi ya kilomita moja, japokuwa Everest ndio mrefu ukipima kutoka usawa wa bahari. Mfuko wa sembe wa kilo 100 uliopimwa kwenye ncha ya kaskazini ungesoma karibu nusu kilo pungufu ukipimwa Nanyuki.

#17 Mwana wa Laikipia
Wafanyabiashara wa Nanyuki watafurahi kupata kisingizio hicho.

#18 Chaki na Ubao
Hawatakipata, kwa sababu nusu kilo hiyo huonekana kwenye mizani ya springi peke yake. Mizani ya mawe hulinganisha sembe na jiwe, na vyote viwili hupungua uzito kwa kiwango kile kile. Pia katika upungufu wote wa takriban asilimia 0.5, ni kama asilimia 0.35 tu unaotokana moja kwa moja na kuzungushwa. Uliobaki unatokana na umbo la dunia, ambalo nalo limetokana na mzunguko.

#19 Rubani wa Karatasi
Hapo ndipo ndege ya Kigoma inaporudi. Akiwa angani juu ya ikweta kwa kilomita 900 kwa saa, abiria anayekwenda mashariki anajumlisha kasi yake na ile ya dunia, kwa hiyo ananyanyuliwa zaidi, na anayekwenda magharibi anapunguza. Nimepiga hesabu kwa mtu wa kilo 70, nikiacha kando athari ya kimo: akienda magharibi, mizani ya springi itamwongezea kama gramu 190, na akirudi mashariki itampunguzia kama gramu 330. Mhungari Loránd Eötvös aliiona tofauti hiyo katika vipimo vya mvutano vilivyofanywa kwenye meli zinazosafiri, na mwaka 1908 ikathibitishwa kwa meli mbili katika Bahari Nyeusi, moja ikienda mashariki na nyingine magharibi. Athari hii ina nguvu zaidi hapa kwetu kwenye ikweta. Mzawa alitaka ushahidi unaolishinda beseni, nami naona ni huu.

#20 Mzawa wa Ujiji
Kwa hiyo nikija Dar es Salaam napungua na nikirudi nyumbani nanenepa. Mke wangu amekuwa akisema hivyo bila hesabu. Hata hivyo, gramu hizo zitaonekana vipi ndani ya ndege inayotikisika?

#21 Pwani ya Malindi
Waitaliano hawakuhitaji mizani. Walijenga jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti ya Uhuru ikarushwa kutoka hapo, ya kwanza kutengwa kwa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo inaanza na mita 464 kwa sekunde ambazo haikuzichomea mafuta, kati ya takriban mita 7,800 kwa sekunde zinazotakiwa ili kubaki kwenye njia ya chini kuizunguka dunia.

#22 Futari ya Mwisho
Wakuu, mnakwenda angani bila sababu. Mwezi wa Ramadhani mimi hufungua nikiwa Kigoma huku redio ikiwa imeshatangaza kitambo kwamba Dar es Salaam wamekwishafungua. Dar es Salaam iko longitudo 39.3 mashariki, Kigoma 29.6, na kwa kuwa dunia hugeuka nyuzi 15 kwa saa, tofauti ni kama dakika 39. Saa zetu za ukutani ni zile zile, lakini jua halifuati saa za ukutani. Ukivuka kwenda Bujumbura saa inarudi nyuma saa nzima, ingawa jua la Bujumbura na la Kigoma ni kama moja.

#23 Maalim Falaki
Assalaam alaykum. Ndugu wa Futari ameleta jambo la kweli, lakini halithibitishi kwamba dunia ndiyo inayozunguka. Jua lingekuwa linaizunguka dunia iliyotulia, tofauti ya dakika 39 ingebaki vile vile. Al-Biruni, yapata miaka elfu moja iliyopita, alikwishaona kwamba hesabu za falaki zinakubali dhana zote mbili, na kabla yake Aryabhata wa Bara Hindi alikuwa amesema kwamba dunia ndiyo inayogeuka. Kinachotakiwa ni jaribio linalofanyika ardhini. La Foucault la mwaka 1851 ndilo mashuhuri: timazi la kilo 28 kwenye waya wa mita 67 ndani ya Panthéon, Paris, ambalo njia yake ya kubembea hugeuka mduara mzima kwa saa 32 hivi. Ole wetu, juu ya ikweta njia hiyo haigeuki kabisa. Kwa hiyo dai la mwanzisha uzi kwamba kwetu ndiko ushahidi ulipo wazi ni la kutiliwa shaka: beseni halifanyi kazi, timazi halifanyi kazi, vimbunga haviumbiki.

#24 Sekunde ya Ziada
Wote mmeichukulia kasi ya dunia kuwa haibadiliki. Kupwa na kujaa kwa bahari huipunguza kasi hiyo polepole, na mwezi nao husogea mbali nasi kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Mwaka 1963 John Wells alihesabu mistari ya ukuaji wa kila siku kwenye matumbawe ya kale sana, akapata siku zipatazo 400 katika mwaka mmoja, yaani kila siku ilikuwa na takriban saa 22. Kati ya 1972 na mwisho wa 2016 saa za dunia ziliongezewa sekunde 27 ili kuisubiri dunia. Lakini miaka ya hivi karibuni dunia imeharakisha kidogo, na tarehe 5 Julai 2024 siku ilikuwa fupi kwa milisekunde 1.66 kuliko saa 24 kamili.

#25 Mchora Ramani
Sababu ni barafu. Theluji ya ncha inayeyuka na umbo la dunia linabadilika.

#26 Chaki na Ubao
Umelishika kwa upande usio wake. Barafu ikiyeyuka kwenye ncha, maji husambaa kuelekea ikweta, yaani mbali na mhimili, na dunia hupunguza kasi badala ya kuongeza. Duncan Agnew aliandika mwaka 2024 kwamba kuyeyuka huko kumekuwa kukifidia sehemu ya uharakishaji unaotoka kwenye kiini cha dunia, ambacho sehemu yake ya nje ni kimiminika na hubadilishana mwendo na tabaka la juu.

#27 Kusi la Pemba
Kiini hakuna aliyekifikia. Mimi nasema ni upepo. Pepo za anga hubadilika kwa msimu na urefu wa siku hubadilika nazo kwa milisekunde, na hilo linapimwa.

#28 Sekunde ya Ziada
Upepo unaeleza mabadiliko ya miezi, lakini si ya miongo. Tetemeko la Desemba 2004, lililoleta tsunami hadi pwani yetu, lilikadiriwa kuifupisha siku kwa chini ya mikrosekunde tatu, kwa hiyo nalo halitoshi.

#29 Mzawa wa Ujiji
Maalim, jibu lako limenifanya nitafute jaribio linalofaa ikweta, na nimepata moja. Jiwe likiangushwa kutoka juu halianguki wima kabisa. Huangukia kidogo upande wa mashariki, kwa sababu kule juu lilikuwa linakwenda mashariki kwa kasi kubwa kuliko ardhi iliyo chini. Mwaka 1831 Ferdinand Reich aliangusha vitufe kwenye shimo la mgodi lenye kina cha mita 158 huko Freiberg, Ujerumani, akapata wastani wa milimita 28. Kwenye ikweta kina hicho hicho kingetoa karibu milimita 44. Kwa hiyo narudia dai langu: kwetu ndiko kuliko wazi zaidi, tulikuwa tunaangusha kitu kisichofaa.

#30 Maalim Falaki
Ahsante. Hili nalikubali kwa sharti kwamba shimo liwe wima, hewa iwe imetulia, na kitufe kiachiwe bila kusukumwa. Reich alilazimika kuangusha zaidi ya mara mia moja ndipo akapata wastani huo, kwa sababu vitufe vilitawanyika kuliko hizo milimita 28 zenyewe.

#31 Mwana wa Laikipia
Jengo la KICC la Nairobi lina kimo cha mita kama 105. Hapo tungepata sentimita mbili na kitu, ila upepo wa Nairobi utakula zote.

#32 Shimo la Mererani
Nafanya kazi migodini. Mashimo yetu mengi yameinama kufuata mwamba, na hata lililo wima lina kipulizia hewa kinachofanya kazi muda wote, kwa sababu kukizima ni kuhatarisha watu. Kuna lingine: pembeni huning'inia kamba na mabomba, na kitufe kikigusa lolote kati ya hivyo mtakuwa mmepima bomba. Nawashauri mtafute kisima kikavu cha zamani, mkifunike juu, na kitufe mkining'inize kwa uzi mwembamba kisha mkate uzi huo kwa moto.

#33 Nyumba ya Taa
Na nani atashuka kisimani kupima hizo milimita?